Breki si viraka vya kubahatisha

Mwenda pole hajikwai, walinena wahenga. Lakini wahenga hao walisafiri kwa miguu, na mguu umeumbwa na breki zake ndani. Gari ni kiumbe cha namna nyingine. Hata likienda pole, lisiposimama pale linapotakiwa kusimama, litajikwaa na kuwakwaza wengine waliokuwa wamesimama kando wakisubiri kuvuka. Ndiyo maana leo, ndugu msomaji, naomba ruhusa tuliache kwa muda suala la mitihani na karo, tuzungumze juu ya breki. Na mwishoni utaona kwamba hatukuwa tumetoka darasani hata kidogo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na gari dogo kuukuu, la aina ile ambayo walimu wengi huanzia. Breki zake za mbele zilikuwa zimechakaa, na vipuri vya asili vilikuwa adimu na ghali. Fundi mmoja wa jua kali alinishauri nisijihangaishe. "Mwalimu," akaniambia, "nitakufungia kalipa za gari kubwa kuliko hili. Zimetoka Japani juzi tu. Utakanyaga kwa kidole gumba na gari lisimame." Maneno hayo yaliniingia kama asali. Ni nani asiyetaka gari dogo lenye breki za gari kubwa, tena kwa bei ya chini?

Katika gereji hiyo palikuwa na kijana wa chuo cha ufundi aliyekuja kufanya mazoezi ya kazi. Shughuli zake kubwa zilikuwa kushika tochi na kuleta chai. Kazi ilipokwisha, nilikanyaga pedeli nikahisi ni laini kama godoro. "Itakaza ikishazoea," fundi akanituliza. Kijana akafungua kinywa kutaka kusema neno. "Wewe hizo ni za daftari," fundi akamkata kauli. "Leta spana." Kijana akaleta spana. Nami nikalipa, nikaondoka.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nikiteremka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, nikiwa na mke wangu na watoto wawili wa jirani. Katika kona ya tatu pedeli ilizama hadi sakafuni. Nilikanyaga mara ya pili na ya tatu. Ikapanda kidogo, ikashika kidogo, ikazama tena. Nilirejesha gia ya pili, injini ikapiga unyende, nikavuta breki ya mkono kwa nguvu zangu zote, na gari likaenda kuegemea ukuta wa udongo upande wa mlimani. Hatukuumia. Watoto walidhani ni mchezo. Mke wangu hakusema neno hadi tulipofika nyumbani.

Niliporudi gerejini na hasira zangu, fundi alishikilia kwamba kalipa zake ni nzima. Kijana ndiye aliyeinama, akanyosha kidole. "Mwalimu, tazama hiyo nati ya kutolea upepo. Imeelekea chini. Upepo huelea juu ya mafuta; hauwezi kutokea huku." Naam, kalipa ya kulia ilikuwa imefungwa kushoto, na ya kushoto ikafungwa kulia. Zilikaa sawasawa, bolti zikaingia, na macho hayakuona kasoro. Lakini nati ile, ambayo sharti iwe juu kabisa ili upepo wote utoke, ilikuwa chini, na hewa ikabaki imenaswa ndani. Mafuta hayabonyei; hewa hubonyea. Kila nilipokanyaga, nilikuwa naibonyeza hewa badala ya kuzikaza breki.

Nilimwuliza kijana kwa nini hakusema siku ile ya kwanza. Akatazama chini. "Nilijaribu, Mwalimu." Na kweli alikuwa amejaribu. Nami nilikuwa nimemsikia akianza kusema, nikamtazama fundi badala ya kumtazama yeye. Kosa la gereji lilikuwa la kalipa. Kosa langu lilikuwa kubwa zaidi, kwa kuwa mimi ni mwalimu.

Sikisimulii kisa hiki ili niwashutumu mafundi wa jua kali. Wapo miongoni mwao watu ambao mikono yao ina elimu kuliko vitabu vingi. Wala sisemi kwamba ni haramu kutia katika gari moja breki zilizotengenezewa gari jingine. Kwa hakika, maendeleo ya breki yamepitia mikononi mwa watu waliothubutu kubadilisha. Mwaka 1953, katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans nchini Ufaransa, gari aina ya Jaguar C-Type lilishinda likiwa na breki za diski zilizotengenezwa na kampuni ya Dunlop, wakati ambapo wapinzani wake wengi walitegemea breki za dramu. Diski hukaa katika upepo ikapoa haraka. Dramu hujifungia joto ndani yake. Miaka miwili baadaye, 1955, Citroën DS ikaja sokoni ikiwa na diski katika magurudumu ya mbele. Leo takriban kila gari dogo tunalolipanda lina urithi huo.

Swali basi si kama tubadilishe au tusibadilishe. Swali ni kama anayebadilisha anapima au anabahatisha.

Hebu tuanze na hesabu, kwa kuwa breki kwanza ni hesabu. Gari lenye uzito wa kilo 1,200 likienda kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa lina nishati ya mwendo ya takriban kilojuli 296. Nishati hiyo haipotei. Breki huigeuza kuwa joto. Joto hilo linakaribia kutosha kuchemsha lita moja ya maji baridi. Kwa maneno mengine, kila unaposimama ghafla kutoka kasi hiyo, umeinjika sufuria ya chai juu ya magurudumu yako. Na tahadhari: kasi ikiongezeka mara mbili, kutoka 40 hadi 80, nishati haiongezeki mara mbili bali mara nne. Dereva anayedhani kwamba "nimeongeza kidogo tu" ameongeza zaidi ya anavyofikiri.

Sasa tulipeleke gari hilo hilo mteremkoni. Likishuka kimo cha mita 500, breki na injini kwa pamoja hulazimika kumeza takriban kilojuli 5,900, yaani sawa na kusimama ghafla mara 20 kutoka kasi ya kilomita 80. Dereva anayeweka gia huru ili aokoe mafuta ameiambia injini isisaidie, akawatwika mzigo wote pedi na diski. Zikipata moto kupita kiasi, pedi hupoteza msuguano wake, na mafuta ya breki huweza kuchemka. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hutakiwa yastahimili hadi nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka, na ya DOT 4 hadi nyuzi 230. Lakini mafuta haya hufyonza unyevu wa hewani. Yakishafyonza, viwango hivyo huweza kushuka hadi 140 na 155. Yakichemka huzaa mvuke, na mvuke hubonyea kama hewa ile iliyotaka kunitoa roho.

Jambo la pili ni la Blaise Pascal, yule Mfaransa aliyefariki mwaka 1662 kabla hata gari halijaota katika akili ya mtu. Yeye ndiye aliyetufunza kwamba shinikizo likitiwa katika kiowevu kilichofungiwa, husambaa sawa pande zote. Ukikanyaga pedeli, pistoni ndogo ya silinda kuu husukuma mafuta, nayo mafuta husukuma pistoni kubwa zaidi za kalipa. Pistoni ya kalipa ikiwa na eneo mara nane ya ile ya silinda kuu, kani huongezeka mara nane. Hapo ndipo mtu hushangilia na kwenda zake. Lakini daftari lina ukurasa wa pili: ili pistoni ya kalipa isogee milimita moja, ile ya silinda kuu sharti isogee milimita nane. Hakuna cha bure. Anayefunga kalipa kubwa bila kuitazama silinda kuu amenunua nguvu kwa kulipa mwendo wa pedeli, na mwendo huo una mwisho wake: sakafu.

Mfano mzuri ni gari la Datsun 240Z. Wakenya waliokula chumvi watalikumbuka, kwani ndilo lililoshinda mbio za Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Gari hilo lilitoka kiwandani likiwa na diski mbele na dramu nyuma, na kalipa zake za mbele zilikuwa na pistoni mbili. Miaka ilivyopita, wenye magari hayo, hasa huko Marekani, waligundua kwamba kalipa za pikapu ya Toyota Hilux ya kuendesha magurudumu manne, zenye pistoni nne, zinaingia katika matundu yale yale ya bolti. Datsun na Toyota, mahasimu wa sokoni, wakaoana katika gurudumu moja.

Lakini ndoa hiyo haikufungwa gizani. Waliofanya kazi hiyo kwa makini waliona kwamba pistoni nne zinataka mafuta mengi zaidi, pedeli ikarefuka. Basi wengi wakaondoa silinda kuu ya asili, yenye kipenyo cha inchi 7/8, wakatia ya inchi 15/16 kutoka kwa gari la baadaye la ukoo huo huo, Datsun 280ZX. Tofauti ya vipenyo hivyo yaonekana kama ya kucheka, lakini mwanafunzi akikokotoa maeneo ataona kwamba silinda ya pili ni kubwa kwa takriban asilimia 15. Hiyo ndiyo iliyorudisha pedeli mahali pake, ingawa mguu nao hutakiwa kukaza zaidi kidogo. Na wale waliotaka diski nene zenye nafasi ya kupitisha hewa katikati walilazimika kuchagua aina nyingine ya kalipa ya Toyota iliyo pana zaidi, na kutia kipande cha chuma kati ya kitovu cha gurudumu na diski ili vitu vikae katika mstari. Kila badiliko lilidai badiliko jingine. Breki ni kama ngoma ya wapigaji wengi: ukimwongeza mmoja sauti, sharti uwasikilize wote upya.

Vijana wetu wa leo mahaba yao yako kwa Subaru. Wapo wanaochukua Impreza ya kawaida, yenye diski za mbele za milimita 260, wakaifungia breki za ndugu yake mwenye mbio, WRX, zenye diski za milimita 277, au zile za kalipa ya pistoni nne zenye diski za milimita 294. Undugu wa magari hayo hurahisisha kazi. Hata hivyo, anayechagua zile za 294 akiwa na rimu za inchi 15 atakuta kalipa inagusa rimu, na atahitaji za inchi 16 zenye nafasi ya kutosha. Nimewahi kuona mtu akiipiga kalipa tupa ili iingie. Chuma kilichopunguzwa kwa tupa hakipigi kelele siku hiyo. Hungoja.

Kuna ukweli mwingine ambao wauzaji wa vipuri hawapendi kuusema. Breki husimamisha gurudumu. Tairi ndiyo inayosimamisha gari. Ikiwa breki zako za sasa zinaweza kuyafunga magurudumu hadi yakaburuzika kwenye lami kavu, basi umeshafika mpaka wa msuguano wa tairi, na kalipa kubwa haitafupisha umbali wa kusimama mara moja hata kwa hatua moja. Faida yake itaonekana pale unaposimama mara nyingi mfululizo, au unapoteremka mlima mrefu, kwa sababu chuma kikubwa hubeba joto kubwa. Mwenye tairi zilizokwisha nyuzi ambaye anatafuta kalipa za pistoni nne ni sawa na mtu anayenunua kofia ya bei ghali ilhali hana viatu.

Isitoshe, kuna mizani ya mbele na nyuma. Gari likifunga breki, uzito huegemea mbele, na magurudumu ya nyuma hubaki mepesi. Ndiyo maana watengenezaji hupanga breki za mbele zifanye kazi kubwa zaidi. Anayeongeza nguvu za nyuma bila kipimo huweza kuyafanya magurudumu ya nyuma yafunge kwanza, na hapo gari hugeuka likatazama lilikotoka, hasa mvua inaponyesha. Anayeongeza za mbele pekee kupita kiasi naye huziacha za nyuma zikiwa abiria tu. Na gari lenye mfumo wa kielektroniki wa kuzuia magurudumu yasifunge limepangwa kwa vipimo vya breki zake za kiwandani; ukivibadilisha, unaibadilishia akili hiyo mahesabu bila kuiarifu.

Je, mtu afanye nini basi anapoambiwa, kama nilivyoambiwa mimi, kwamba kalipa za gari kubwa zitamfaa? Aulize. Bolti zinaingia bila kutoboa wala kuchomelea? Diski ni ya kipenyo na unene uliokusudiwa kwa kalipa hiyo? Silinda kuu inatosha? Mabomba ya mpira ni mapya, na hayavutwi usukani unapokatwa hadi mwisho? Kushoto na kulia ni aina moja, na nati ya upepo iko juu? Nyuma kumefikiriwa? Kisha gari lijaribiwe mahali patupu, kwa kasi ndogo kwanza, kabla ya kupakiwa mtoto wa mtu. Pedeli laini haizoei. Pedeli laini inasema jambo, na anayeipuuza atasemeshwa na mteremko. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, nayo inataka gari na sehemu zake zote ziwekwe katika hali isiyoweza kuwahatarisha abiria na watumiaji wengine wa barabara. Sheria hiyo haikuandikiwa matatu peke yake.

Najua kuna watakaosema kwamba haya ni maneno ya watu wenye pesa. Kwamba maskini hana uchaguzi, hufunga kinachopatikana. Hoja hiyo ina uzito, nami siidharau. Vipuri vipya ni ghali, na mtu hawezi kuliegesha gari analolitegemea kwa riziki mpaka meli ije. Lakini tutazame tena kisa changu. Kalipa zilikuwa zimekwisha kununuliwa. Kuziweka upande ulio sahihi kusingegharimu hata shilingi moja zaidi. Kilichokosekana gerejini siku ile hakikuwa pesa. Elimu ilikuwepo, imesimama pale pale na tochi mkononi, ikaamrishwa inyamaze.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu wenzangu. Sheria ya Pascal imefundishwa katika Kidato cha Kwanza kwa miaka na miaka. Tumeichora ubaoni, tukachora mishale, tukaitungia maswali ya mtihani. Ni wangapi kati yetu tuliowahi kuleta kalipa kuukuu darasani, tukampa mwanafunzi kifaa cha kupimia apime kipenyo cha pistoni, akokotoe eneo, kisha aeleze kwa nini nati ya upepo hukaa juu? Kalipa mbovu hupatikana kwa bei ya vyuma vikuukuu katika Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, na katika kila mji wenye gereji mbili. Yule kijana alifaulu kuunganisha daftari na gurudumu kwa juhudi zake mwenyewe. Wangapi walio na alama nzuri za fizikia wasingeuona upepo ule hata ungewapulizia usoni?

Na fundi naye tumkaribishe shuleni, alipwe kwa saa zake kama mgeni wa heshima, awaonyeshe wanafunzi yale ambayo mikono yake inajua. Huko nako aende akijua kwamba ataulizwa maswali. Fundi anayezoea kuulizwa "kwa nini?" na watoto wa miaka 15 hatashtuka akiulizwa na kijana wa chuo. Vilevile, gereji iandike katika daftari ilichokifunga katika kila gari, kimetoka gari gani na kwa vipimo gani, ili fundi atakayefuata asianze kubahatisha upya.

Yote haya ni ya karibu nasi kuliko tunavyodhani. Kila muhula tunawapakia wanafunzi katika mabasi ya shule kwenda kwenye michezo, tamasha za muziki na drama, na ziara za masomo. Tunahesabu vichwa mlangoni kwa bidii ya kusifiwa. Ni mwalimu gani kati yetu aliyewahi kumwuliza dereva lini mafuta ya breki yalibadilishwa, au kama pedi za gurudumu la kushoto ni ndugu za pedi za gurudumu la kulia? Swali hilo halihitaji shahada. Linahitaji tu mtu aliye tayari kuonekana msumbufu kwa dakika mbili.

Gari lile nililiuza baadaye, breki zake zikiwa zimerekebishwa na kijana yule yule huku fundi akishika tochi. Kazi ilichukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Pedeli ikawa ngumu kama jiwe. Alipomaliza, fundi alikanyaga mara tatu, akanyamaza kidogo, kisha akamwambia, "Haya, niambie tena hiyo habari ya upepo." Nikaona kwamba fundi yule, kwa neno hilo moja, alikuwa amekuwa mwanafunzi bora kuliko mimi.